Kibao cha Mama Pamba

"Mkurugenzi wa nini? Wa sindano?" Shemeji wa Mama Pamba alicheka mpaka kiti cha plastiki alichokalia kikapiga kelele za kuomba msaada. "Shemeji, huyu bintiyo anataka kukuvisha koti la watu. Kesho watakuja vijana hapa na bahasha zao kuomba kazi ya ukarani!"

"Baba mdogo, mimi sicheki na wewe," binti alijibu, kajishika kiuno. "Mtu mwenye biashara tatu anaitwa mkurugenzi. Wewe ulitaka mama aandikwe nini? Mkodishaji wa Viti?"

"Viti vina kosa gani? Hebu visusie leo, tuone utakaa wapi."

Mama Pamba hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro katikati ya chumba, sindano ndefu kama ufito wa mwavuli mkononi, anabana kona ya mwisho. Aliwasikia wote wawili vizuri sana. Lakini uzi wa godoro ukiuacha katikati unalegea, na yeye hakuwahi kulegeza uzi kwa sababu ya maneno ya watu.

"Jamani, mimi huku juu jua linanimaliza," ilisema sauti kutoka juu ya mlango. Kilichoonekana kwa waliokuwa ndani ni miguu tu, imesimama kwenye ngazi, kidole gumba kina tone la rangi nyekundu. Huyo ni mchora vibao. "Nimeshaandika M. Nimewasikiliza tangu asubuhi, mkurugenzi, mkodishaji, mshonaji, naona vyeo vyenu vyote vinaanzia hapo. Sasa niendelee na nini?"

"Ngoja!" wakamjibu shemeji na binti kwa sauti moja, na hilo ndilo neno pekee walilokuwa wamekubaliana siku hiyo.

Balaa lenyewe lililetwa na mchora vibao huyohuyo. Jana yake alikuwa anaandika kibao cha gesti mpya, ile yenye roshani ya bluu, na mwenye gesti, mama mmoja mrefu asiyecheka na mtu, akamuuliza kama anamjua mtu wa kumtengenezea magodoro ya nyumba nzima. Mchora vibao akamtaja Mama Pamba, akamsifia mpaka mate yakamkauka.

"Nitapita kesho kabla ya adhuhuri nimwone," yule mama akasema. "Lakini mwambie kabisa, mimi nimechoka na wababaishaji. Mtu leo anauza mkaa, kesho anachimba visima. Nataka mtu wa kazi moja. Na nimechoka na maduka ya kuambiwa mwenyewe katoka, rudi kesho, mwenyewe kalala, rudi Jumatatu. Mwambie hivyo."

Mchora vibao akaufikisha ujumbe wote kama alivyopewa. Ila katika nyumba ile watu walisikia "kazi moja" tu, yale mengine yakapitia dirishani.

Magodoro ya gesti nzima! Kwa kazi hiyo Mama Pamba angenunua mashine ya kuchambua sufi, akaziweka chini zile fimbo mbili alizorithi kwa mama yake. Maana sufi haijichambui. Inachapwa, inageuzwa, inachapwa tena, na bega lake la kulia sasa lilikuwa linalia kama bawaba ya mlango wa jela. Akiinua kikombe cha chai, jirani anauliza nani anafungua geti. Aliwaambia wazi wote wawili, "Kazi hii ikinipita, nitachapa sufi mpaka siku mtakayonilaza juu yake." Ndiyo sababu akaita rangi na ngazi asubuhi iliyofuata. Kibao kisome kazi moja, mgeni akifika asome, aridhike, aingie. Kazi ipi, hapo ndipo vita vilipozuka.

Na usidhani ilikuwa rahisi kuchagua. Magodoro ndiyo yaliyomlea. Mama yake alikuwa fundi, na yeye alijua kushika sindano ya godoro kabla hajajua kushika kijiko. Mtaani walisema godoro lake halina mfano. Kuna mzee mmoja alikuwa anasumbuliwa na ndoto za kukimbizwa na nyati, akalala kwenye godoro la Mama Pamba usiku wa kwanza tu, nyati akahamia kwa jirani. Jirani naye akaja mbio kuagiza lake. Inasemekana yule nyati alizunguka mtaa mzima hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka wote walipopata magodoro akakosa pa kulala.

Kwake mteja hakununua kwa macho. Kando ya mlango palikuwa na kitanda kimoja cha kujaribia, na sharti lake lilikuwa ni hilo tu: vua viatu, panda, lala. Kwa Mama Pamba, mtu akishaanza kuvua viatu biashara imekwisha, mengine ni salamu tu. Asiyevua, hata amsifie vipi, alijua huyo anapita.

Viti vilikuja kwa njia nyingine, na hiyo hakuwa anaisimulia kwa kucheka. Siku ya msiba wa mumewe watu walijaa, na viti havikutosha. Mama mkwe wake, mama mzazi wa marehemu, alisimama ameegemea ukuta tangu asubuhi mpaka maiti ikatoka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwekea kiti. Mama Pamba alikuwa ndani amezungukwa na wanawake, hakuona. Alipokuja kuambiwa baadaye, alilia upya, safari hii si kwa mumewe. Baada ya arobaini akanunua viti vya kwanza, akamkabidhi shemeji, mdogo wa marehemu, akamwambia, "Atakayefiwa mtaa huu, kwake hatasimama mtu." Arusi nazo zikaanza kuvikodi, na maturubai yakafuata.

Magauni ya arusi, hayo yaliletwa na pasi. Binti mmoja wa mtaani aliunguza gauni lake asubuhi ya ndoa, tundu la ukubwa wa sahani, pale pabaya pa kukalia. Akaletwa kwa Mama Pamba analia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kitambaa cheupe karibu. Mama Pamba akakata kitambaa cha godoro, akashona kwa sindano ya godoro na uzi wa godoro, bibi arusi akatoka amependeza mpaka kamera ikaona haya. Tatizo likawa kumtoa humo. Bwana arusi alihangaika na ule mshono mpaka akaenda kuazima koleo kwa fundi baiskeli. Ndoa ile imedumu mpaka leo, na watu wakasema ni ule uzi. Tangu hapo mabibi arusi wakawa wanakuja wenyewe, na binti yake akashika upande huo, akajua kupamba, kupima, na kusema maneno kama "mbunifu" na "mkurugenzi".

"Mama, sema wewe basi," binti alisema sasa. "Unatusikiliza tu kama redio."

Mama Pamba akakata uzi kwa meno. Akainuka, akishika goti kwa mkono mmoja na bega kwa mkono mwingine, akalitazama godoro lake, akalipiga kofi la mapenzi.

"Leo mimi ni mtengeneza magodoro," akasema. "Basi. Viti na magauni vifichwe mpaka yule mama aje aondoke."

"Vifichwe?" shemeji akaruka. "Viti vya kaka yangu vifichwe kama bangi?"

"Vifunikwe basi, kama neno hilo linakuuma."

Wakaanza pilikapilika. Shemeji akavirundika viti uani, akavifunika turubai, rundo likawa kama tembo aliyekunywa akasinzia. Magauni nayo? Binti akagoma yasiende uani. Kuku wa jirani walikuwa hawana adabu, akasema, na jogoo wao aliwahi kuonekana na kipande cha shela mdomoni. Hapo Mama Pamba akachukua mfuko mpya wa godoro, ule usiojazwa kitu, akaupanua mdomo.

"Leta hapa."

"Mama! Magauni ndani ya godoro?"

"Ni meupe, ni laini. Yatajisikia nyumbani."

Yakaingia yote, mikia yake, mikono yake na vitambaa vyake vya kichwa. Shemeji, naye alikuwa akishapewa kazi haachi nafasi ya kujutia, akaufunga mdomo wa mfuko kwa uzi, akaulaza kwenye kitanda cha kujaribia, akaupangusa. Ukiuona ungesema ni godoro la sultani. Binti alibaki ameshika mashavu.

"Haya fundi," Mama Pamba akaita juu, "andika Mtengeneza Ma…"

"Hodi! Hodi hapa! Mwenyewe yupo?"

Alikuwa jirani wa mtaa wa nyuma, shati amelivaa upande wa ndani nje, macho mekundu. Alipita chini ya ngazi bila kuangalia juu.

"Kaka, siku hizi hapa ni magodoro tu," binti akamwahi mlangoni, sauti tamu, mkono umeziba njia.

"Magodoro?" Yule mtu akamtazama kama amemjibu kwa lugha ya ndege. "Mama yangu ametutoka alfajiri. Watu wameanza kufika. Wamesimama tu pale nje, wazee wamesimama, sijui niwaweke wapi. Nikasema nije kwa mwenyewe…"

Mama Pamba alikuwa amefungua mdomo kusema pole, na baada ya pole aseme samahani, leo hatuna. Pole ikatoka. Ile ya pili haikutoka. Wazee wamesimama. Akaziona fimbo zake mbili zimetundikwa ukutani, bega likamkumbusha kwa nini anadanganya. Akaliacha lilie.

"Pole sana, baba," akasema tena. "Rudi ukapokee watu wako. Viti vinakufuata nyuma. Shemeji! Fungua turubai, viende vyote."

"Mama, yule mama akikuta viti vimejaa mlangoni…" binti akamnong'oneza.

"Akivikuta, amevikuta."

Shemeji hakungoja kuambiwa mara mbili. Akavivuta viti kutoka uani, akavipitisha katikati ya chumba, akavipanga chini ya ngazi kungoja mkokoteni, huku anaimba kimoyomoyo kwa furaha aliyoshindwa kuificha vizuri. Mchora vibao akajikuta amezingirwa.

"Sasa mimi nitashukaje?" akauliza.

"Wewe shuka na maneno kwanza," shemeji akamjibu.

Kabla hata mkokoteni haujafika, sauti nyingine ikabisha, nyembamba, ya haraka.

"Hodi jamani! Mwenyewe yupo?"

Binti alipoiona sura, akaegemea ukuta. Alikuwa bibi arusi wa kesho, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama zinashangaa.

"Dada, naomba gauni langu mara moja. Wa saluni anataka kuona shingo ilivyokatwa ndipo amalizie kichwa. Ananisubiri, na ana hasira huyo!"

"Njoo jioni, mdogo wangu," binti akasema.

"Jioni nitakuwa na nusu kichwa! Gauni liko wapi?"

Shemeji akakitazama kitanda. Binti akamtazama shemeji kwa jicho la kumwambia asitazame kitanda. Bibi arusi akafuata macho yao, akaona godoro.

"Dada… gauni langu mmelifanya nini?"

"Lilikuwa limechoka," shemeji akasema. "Tumelilaza kidogo."

Mama Pamba akachukua mkasi. Akalipasua lile godoro la sultani mshono mzima, kraaa, kama anapasua samaki, na magauni yakamwagika mpaka sakafuni. Mfuko ulikuwa mpya, lakini mikono ya shemeji ilikuwa na sufi tangu asubuhi, basi kila gauni lilitoka na manyoya yake. Lile la bibi arusi ndilo lililozidi. Alipoliweka mwilini juu ya nguo zake alionekana kama bata aliyekatizwa kunyonyolewa. Akajitazama kwenye kioo, wote wakangoja kilio. Mara akapasuka kicheko, na cheko lake likamwangusha binti wa Mama Pamba naye, ambaye alikuwa amejiapiza kutocheka mwaka huo.

"Simama wima," Mama Pamba akamwamuru, pini tayari mdomoni, brashi ya nguo mkononi. "Usitikisike. Shemeji, lile godoro nililomaliza liweke kitandani. Hilo lililopasuliwa liondoe."

"Niliondoe niliweke wapi? Huko nje kuna viti, humu kuna arusi!"

"Sasa mama," binti akasema akifuta machozi ya kucheka, ambayo katikati yalikuwa yameanza kugeuka ya kweli, "niambie. Jua liko utosini, yule mama atatokea wakati wowote. Viti mlangoni, gauni katikati ya nyumba. Atasema nini? Atasema ndio walewale, leo mkaa kesho visima. Ungesikia neno langu ukaandikwa mkurugenzi, angalau angejua mambo haya yana mkubwa wao!"

"Au angeandikwa mkodishaji, haya yote yasingetokea," shemeji akadakia.

"Yasingetokea vipi, na gauni je?"

"Gauni lingekodishwa! Si na lenyewe linakodishwa?"

"Jamani," mchora vibao akaomba, "M yangu imekauka kabisa. Sasa itabidi niipake tena."

Mama Pamba akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake mwenyewe. Alifanya hivyo taratibu, na waliomjua walinyamaza, kwani Mama Pamba akitoa pini mdomoni ujue ana jambo la kusema lisilopita katikati ya pini.

"Shemeji, yule baba wa msiba aliuliza nini alipobisha hodi?"

"Viti."

"Hapana. Kabla ya viti."

Shemeji akakuna kichwa.

"Na wewe mwanangu," akamgeukia bibi arusi, "uliuliza nini?"

"Gauni."

"Kabla ya gauni."

Bibi arusi akatazama dari kama jibu limetundikwa huko. Na kweli jibu likatoka juu, ila lilitoka nje, kwa yule mwenye miguu.

"Wote wameuliza kama mwenyewe yupo," alisema mchora vibao. "Na hata yule mama wa gesti, hilo ndilo alilolalamikia zaidi. Niliwaambia jana, hamkunisikiliza."

"Basi andika hivyohivyo," Mama Pamba akasema. "Mwenyewe."

"Mwenyewe?" wakashangaa wote.

"Mwenyewe si cheo, mama!" binti akapiga kelele.

"Kina upungufu gani? Mkurugenzi anaweza kuwa safarini. Mtengeneza magodoro anaweza kuwa ameishiwa sufi. Mkodishaji, huyu hapa, tunamjua, anaweza kuwa ameenda kunywa chai." Shemeji akataka kupinga, akaona aache. "Lakini mwenyewe akiwepo, umefika. Nimehangaika asubuhi nzima kujificha nyuma ya kazi yangu moja, na watu waliokuja hapa hawakuitafuta kazi. Walinitafuta mimi."

"Na ile mashine?" binti akauliza, sasa kwa sauti ya chini. "Na bega?"

Mama Pamba akaligusa bega. Akazitazama fimbo ukutani kwa muda, kama mtu anayetazamana na mashemeji wakorofi anaojua wataendelea kuishi naye.

"Bega ni langu, nitazungumza nalo. Lakini mgeni akija hapa leo, nimwambie viti si vyangu? Nimwambie huyu binti ameingia kukwepa mvua, na jua lote hili? Akinitaka, atanitaka na vyangu. Fundi, andika."

"Watu watauliza, mwenyewe wa nini?"

"Wakitaka kujua, wataingia. Wakiingia, nitawajibu."

Brashi ya rangi ikaanza kusugua juu ya mlango, shwa, shwa. Mama Pamba akairudia kazi yake, akamng'oa bibi arusi manyoya ya mgongoni. Shemeji akalilaza lile godoro jipya kitandani, akapiga konde kulijaribu, konde likarudi lenyewe. Wote wakaanza kusema kwa mkupuo. Shemeji alitaka chini ya neno hilo uchorwe kiti kidogo, kidogo tu, hata cha bila miguu. Bibi arusi aliuliza kama manyoya mengine yanaweza kuachwa, kwa kuwa yamempendeza. Mchora vibao alitaka kujua kama rangi ya mkono wa pili ni ileile au aongeze njano, na binti alikuwa amefika katikati ya chumba na mikono hewani.

"Nyinyi chezeni tu," alikuwa anasema, "lakini yule mama akisimama hapo nje akainua macho akasoma hilo neno, mimi nawaambia, hata mlango hataugu…"

Akashusha mikono.

Katikati ya viti na ngazi alikuwa amesimama mama mrefu, mkoba kwapani. Haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Uso wake ulikuwa umeinuliwa juu ya mlango, na midomo ilikuwa inatembea polepole kufuata herufi nyekundu mpaka ya mwisho, iliyokuwa bado inatiririka. Miguu ya mchora vibao ikaganda kwenye ngazi. Kisha yule mama akashusha macho, akavipitia viti, akampitia bibi arusi na manyoya yake, magauni sakafuni, mfuko uliopasuliwa, shemeji aliyekuwa bado na ngumi juu ya godoro. Hakuacha kitu. Mwisho macho yake yakafika kwa Mama Pamba.

Mama Pamba hakusogea kuziba lolote. Alisimama wima na brashi yake mkononi, sufi kwenye nyusi, akamtazama kama anavyotazama mtu yeyote aliyefika kwake.

Yule mama akakishika kiti kimoja kwa mkono ili asiyumbe, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.